Nyumba ya Mwisho ya Wasokota Kamba

Jina lake halisi lilijulikana na mama yake na askari wawili watatu. Wengine wote walimwita Kalamu Mbili, kwa sababu mfuko wa shati lake haukukosa kalamu mbili za kifahari, na hakuna hata moja iliyokuwa na wino.

Siku bahati ilipomwita alikuwa kwa kinyozi, povu tele kidevuni. Kwenye kiti cha pili alikaa tajiri wa saruji, akimmwagia kinyozi ya moyoni.

"Nakitaka kile kiwanja cha kona, penye kile kijumba cha kale cha wafanyakazi. Nijenge ghorofa sita! Lakini nikienda mwenyewe, yule bibi atanitajia bei ya mbinguni. Atakayeniletea hati mkononi, nitampa atakacho, wala sitauliza kaipataje."

Kalamu Mbili alichomoka kitini, shavu moja limenyolewa, la pili bado. Kinyozi akabaki na wembe hewani.

Kijumba chenyewe kilikuwa cha mwisho katika safu ya nyumba ishirini walizojengewa wasokota kamba wa kiwanda kilichofungwa zamani. Chumba kimoja, jiko nyuma, dirisha la kupitisha kichwa tu, na paa la vigae vyekundu lililovuja hadi sakafuni pakapangwa ndoo nne. Bibi mwenye nyumba alikaa mlangoni akishona kiraka cha shuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso wako nusu umefika na nusu bado uko njiani?"

"Haraka ya kazi, bibi. Natoka ofisi za mji." Akashusha sauti kama mtu aliyekuja kutangaza msiba. "Nyumba hii inabomolewa. Tingatinga linakuja mwezi ujao, na wewe hupewi hata pole."

Bibi aliweka sindano chini. "Inabomolewa?"

"Mpaka msingi. Barua nimeiona kwa macho yangu."

"Barua," bibi alirudia polepole, kama anayeonja chai kuona kama sukari imekolea. "Maskini mimi. Sasa nifanyeje?"

Hapo Kalamu Mbili akafungua bomba la maneno. Yeye, alisema, ni mtu wa huruma tangu tumboni. Ana nyumba ya vyumba viwili, haina ngazi, maji yapo ndani, paa halivuji. Yuko tayari kubadilishana naye, nyumba kwa nyumba, halafu apambane na tingatinga mwenyewe. Tuseme ukweli: nyumba ile ndiyo mali pekee aliyowahi kuipata kwa halali. Aliachiwa na marehemu baba yake, fundi viatu, aliyeilipia kwa maisha yake yote ya kuinama. Moyo ulimchoma kidogo. Kisha akakumbuka ghorofa sita, moyo ukapoa.

"Sawa," alisema bibi. "Ila kwanza nikueleze historia ya nyumba hii."

"Bibi, historia itatuchelewesha."

"Itakuchelewesha wewe," alisema bibi, akaenda kutafuta viatu vyake.

Kwa wakili, karatasi zilikuwa nyingi, na nyingine zilibanwa nyuma ya hati. "Umesoma zote?" wakili aliuliza.

"Mheshimiwa, mimi na maandishi tumelelewa pamoja," alijibu Kalamu Mbili, akaazima kalamu ya kutia sahihi. Jioni hiyohiyo bibi alihama na godoro, sanduku na cherehani. Ndoo nne alimwachia kwa moyo mkunjufu.

Asubuhi tajiri wa saruji aliipokea hati kwa mikono miwili, akaipekua ukurasa kwa ukurasa, mpaka akafika nyuma. Nyusi zikapanda.

"Hii umeisoma?"

"Ipi?"

"Nyumba ya urithi. Hairuhusiwi kubomolewa, kuongezwa, wala kupakwa rangi nyingine. Vigae vitengenezwe kwa mkono. Mwenye nyumba ataikarabati mwenyewe, na kuwafungulia wageni kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi." Tajiri alicheka mpaka akashika meza. "Ndugu yangu, hapo hata tingatinga likipita barabarani, lipite kwa adabu!"

Kalamu Mbili alikimbia hadi kwenye nyumba ya baba yake. Alimkuta bibi ameketi, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Bibi, umenitapeli!"

"Mimi? Nilikuambia uongo gani?"

Alifikiri. Alifikiri tena. Hakuupata.

"Barua ya kukataza nyumba ile isibomolewe ninayo mimi, mwaka wa nane huu," alisema bibi. "Uliposema inabomolewa, nikajua nimepata mwizi. Lakini mwizi kijana, mwenye magoti mazima. Yangu hayapandi paa tena."

"Nirudishie nyumba yangu!"

"Twende kwa wakili. Umweleze uliniambia nini hata nikakubali."

Kalamu Mbili akageukia mlango.

"Na ukipanda," bibi alimwongezea, "upande wa jikoni usikanyage. Vigae vyake vimechoka."

Alipanda. Alianguka mara mbili, mara zote upande wa jikoni. Alijifunza kukanda udongo wa vigae, akapata mikono ya mtu anayefanya kazi, jambo lililomwaibisha mbele ya rafiki zake.

Jumamosi ya kwanza wageni wakaja, naye akasimama mlangoni na kuachia ulimi. "Mabibi na mabwana, katika chumba hiki alilala mfalme!"

"Mfalme gani?" Sauti ilitoka nyuma. Bibi alijipenyeza mbele. "Hapa tulilala watu kumi na mmoja. Baba alirudi zamu ya usiku, akalala kwenye mkeka ambao kaka yangu ndiyo kwanza ameuacha. Mkeka haukuwahi kupoa. Mama alisema ndiyo maana hatukuhitaji blanketi."

Mmoja wa wageni aliugusa ukuta kwa kiganja, akakiacha hapo. Kalamu Mbili aliutazama ukuta aliokuwa akiulalia ubavuni mwezi mzima, kama ambaye hajawahi kuuona.

"Na wewe, kaka," mgeni mmoja aliuliza, "uliipataje nyumba hii?"

Alimtazama bibi. Bibi hakumsaidia. Basi, kwa mara ya kwanza tangu aote meno, akasema kweli tupu: kinyozi, tingatinga, hati, beseni, yote.

Wageni walicheka hadi machozi.

"Bibi alitusimulia vizuri," walisema wakitoka, "lakini huyu kijana ni muongo!"