Hatua ya Tano ya Kifungo Mbele ya Joka la Pasi

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili na hata wenye moja linalofanya kazi; nyamazisheni simu zenu, na anayetaka kukohoa akohoe sasa, kwani nasimulia vita vilivyopiganwa juu ya meza ya fundi cherehani, Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Nawe ulimi wangu, uliyezoea kuwapumbaza wateja kwa porojo huku mikono ikinyoa, leo jikaze useme kweli tupu. Mimi ni kinyozi wa mlango wa pili. Nilikuwepo, nikaona, na sikuwa na la kufanya ila kuona, kwa kuwa shujaa wangu alikuwa ameshakufa kwa pupa zake tangu zamu ya kwanza.

Mchezo wetu ni huu: kila mtu hujibunia shujaa wa enzi za mapanga na majoka, mmoja husimulia hatari, dadu hukata shauri, na mapigano huenda kwa kuhesabu miraba. Uwanja wetu ulikuwa kitambaa cha drafti cha mteja, kilichongoja kukatwa kesho yake. Msimulizi na mwamuzi alikuwa Mwalimu wa hesabu, Mlinzi wa Daftari, mtu ambaye hata salamu haipokei kabla ya kuikagua. Sheria zote aliziandika yeye kwa mkono wake, kurasa arobaini, na kwa wino mwekundu pale alipokasirika.

Akaketi mkabala naye Fundi, Simba wa Pindo, Mwenye Futi Shingoni, ambaye shujaa wake alikuwa kifungo cheusi cha koti. Kifungo huyo alivaa deraya nzito hata kwa zamu moja alikwenda miraba minne tu, nasi tulimcheka miaka minne mfululizo. Kando yake aliketi dada yake mkubwa, Muuguzi, Mwenye Mikono Isiyotetemeka. Shujaa wake alikuwa mganga, naye ni subana, kile kikofia cha chuma anachovaa fundi kidoleni asijichome sindano.

Na joka? Joka lilikuwa pasi. Msicheke. Ilikuwa imetoka kunyoosha suti muda si mrefu, ikasimama pale na joto lake, ncha imewaelekea mashujaa wetu kwa dharau.

Basi joka likapuliza moto, na Subana akaanguka. Sheria ya aliyeanguka ni kali: zamu yake ikifika kabla hajanyweshwa dawa, amekufa; na muda wote alalapo hapo chini, mwenye shujaa haruhusiwi kusema neno. Lakini Muuguzi alikuwa amesema kabla ya kuanguka, na sote tulimsikia. Alikuwa amepata uhamisho. Basi lake lilikuwa la alfajiri.

"Nikifa leo siundi mwingine," alisema. "Huko niendako simjui mtu hata mmoja. Angalau niende na huyu."

Fundi aliyakumbuka maneno hayo, akamtazama Subana aliyelala. Dada huyu ndiye aliyemfundisha kusoma.

Zamu ikawa ya Fundi. Akahesabu miraba kwa kidole mpaka pale penye nafasi ya kusimama karibu na Subana: mitano. Akavua futi shingoni, akapima: mitano. Akahesabu tena akianzia upande wa pili, kama mtu anayetumaini kwamba mlima ukiupandia nyuma huwa mfupi. Mitano.

"Una minne," akasema Mwalimu. "Sogea minne, kaa, tuendelee. Pole sana, ndugu yangu."

Muuguzi, aliyefungwa mdomo na sheria, akasonya. Mwalimu akafikiri kidogo kama kusonya ni kusema, akaamua kusamehe.

"Nipe daftari," akasema Fundi.

"La nini?"

"Nisome. Au kusoma nako kuna zamu?"

Akasoma ukurasa wa tisa kwa sauti ya tarishi wa mfalme: "Katika zamu yake, kila mpiganaji atakwenda miraba kwa kadiri ya wepesi wake, kisha atachukua hatua moja." Akalifunga daftari. Hata cherehani, ambayo haikuwa ikishona, ilionekana kunyamaza zaidi.

"Minne nimepewa," akasema. "Kisha nachukua hatua moja. Minne na moja, Mwalimu, ni ngapi? Wewe ndiwe wa hesabu."

Mwalimu akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Hatua maana yake jambo! Kupiga! Kufungua mlango! Mkuu wa shule akisema atakuchukulia hatua, anakufuata na futi?"

"Mimi si mkuu wa shule, mimi ni fundi. Kilichoandikwa ndicho ninachokata. Mteja akiandika mkono mrefu, nikamkatia mfupi, nimwambie alikusudia mfupi? Hatua ni mguu huu ukitangulia huu. Muulize mtoto yeyote anayeanza kutembea."

"Na dawa utampa kwa hatua ipi, kama hatua yako umeitembelea?"

"Ukurasa wa kumi na mbili: kumnywesha aliyeanguka hakuhesabiwi, kwa kuwa ni utu. Mwandiko ni wako."

Hapo mimi kinyozi nilipiga meza kwa kiganja, mashujaa wote wakaruka, nikaambiwa nikae.

Mwalimu alitembea mpaka dirishani akarudi. Mtu huyu alikuwa amewakata watoto maksi miaka kumi na tisa kwa sababu ya maneno yenye maana mbili, na leo lake mwenyewe lilikuwa limemgeukia. Lakini haki ilikuwa mfupani mwake. "Nimeandika vibaya," akasema polepole, na nadhani lilimuuma kuliko jino. "Hatua na iwe hatua. Ila sikiliza vizuri: ni kwa wote, kuanzia sasa. Joka pia. Lilikuwa na miraba miwili. Sasa lina mitatu. Nalo likikanyaga mraba wako, limekumeza."

Fundi akatazama uwanja. Mraba wa tano ulikuwa katikati, baina ya Subana na joka, na kutoka hapo mpaka kwenye ncha ya pasi ilikuwa miraba mitatu kamili. Angeweza kunyamaza akabaki na miraba yake minne na Kifungo wake mzima. Akamtazama dada yake, ambaye alikuwa akitikisa kichwa kumkataza, maana kutikisa kichwa hakukukatazwa popote.

"Moja," akasema Fundi, akisukuma. "Mbili. Tatu. Nne." Akapumua. "Na hatua. Kunywa, dada."

Subana akasimama wima, na Muuguzi akapata sauti yake. "Mjinga wewe!" ndilo neno la kwanza alilolitoa.

Kisha joka likaenda, kwani joka hupata zamu baada ya kila shujaa. Mwalimu aliinua pasi kwa mikono miwili, akahesabu mitatu kwa huzuni ya kweli, akaishusha juu ya Kifungo. Ikasikika harufu ya plastiki. Alipoinyanyua, Kifungo hakuwa tena juu ya kitambaa: alikuwa ameganda chini ya pasi, ameyeyuka nusu, na doa jeusi limebaki kwenye drafti ya mteja.

"Patafichwa na pindo," akasema Fundi, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Ikabaki zamu ya Muuguzi. Mlango wa kutokea vitani ulikuwa ukingo wa kitambaa, na anayeuvuka huandikwa mzima. Miraba saba. Subana alikuwa na sita, na hatua.

"Anayempa joka kisogo huumwa mara moja, bila dadu," Mwalimu akakumbusha.

"Litaniuma na nini?" akauliza Muuguzi. "Geuza pasi uangalie. Mdomo una mtu. Nimelisha wagonjwa miaka kumi na miwili, sijaona anayeuma na chakula mdomoni."

Mwalimu akaigeuza pasi, akachungulia, akachukua kalamu nyekundu akaiandika sheria mpya hapo hapo: joka lenye chakula mdomoni haliumi.

Tukahesabu wote kwa sauti. Kwenye mraba wa sita kidole cha Muuguzi kikasimama, naye hakukiondoa. Akatutazama mmoja mmoja.

"Toka, dada," akasema Fundi. "Zamu ni yako."

Akasukuma. Subana akavuka ukingo, akaanguka sakafuni, akabingirika mpaka chini ya cherehani, na sote wanne tukapiga magoti kumtafuta, mwamuzi akiwa wa kwanza. Fundi ndiye aliyempata. Alimpuliza vumbi, akamvika dada yake kidoleni, wakabaki hapo chini wameshikana mikono.

Wengine na waandike habari za wafalme walioteka miji. Mimi kinyozi naandika kwamba Jumapili ile, saa kumi na dakika ishirini, mtu mwenye miraba minne alikwenda mitano, na dada yake akatoka mzima.