Mstari wa Pantoni Juu ya Dirisha

Kahawa haijatulia kwenye vikombe, pikipiki ya matangazo ikakatiza mtaani kwetu Lumemo, spika imefungwa nyuma kama abiria mnene.

"Tangazo! Kapu la Msamaria, shirika la kanisa lisilobagua dini, leo linapita kukagua nyumba zilizoingiwa na mafuriko! Nyumba ambazo maji yalivuka madirisha zimo eneo la hatari! Zitabomolewa, na wenyewe watajengewa nyingine kule kwenye mwinuko, ng'ambo ya mashamba ya mpunga!"

Kikombe kikamponyoka Pantoni.

Kwa ubatizo yeye ni Kelestini. Sisi tunamwita Pantoni kwa sababu, kama lile pantoni la zamani la Kivukoni, hang'oi nanga mpaka ajae. Nyumba ni yake, na baraza la nyumba hiyo ndilo kijiwe chetu. Nusu ya pili, chini ya bati hilohilo, amempangisha Sada, muuza kahawa wetu.

Sasa utazame ukuta wenyewe. Upande wa Sada, mafuriko yameacha mstari wa tope usawa wa goti. Ukivuka kwenda upande wa Pantoni, mstari unaruka ghafla kama chura aliyekanyagwa, unakwenda kutua juu ya dirisha. Mstari ule wa juu hakuuchora Mungu. Waliupaka Pantoni na Ngusa, wamepandia ngazi. Ngusa ni Msukuma aliyeingia bonde hili akifuata malisho. Tunamwita Bwana Mifugo, ingawa mifugo yenyewe ni ng'ombe wawili, na mmoja anakohoa.

"Hongera," Sada akasema huku anamimina. "Unakwenda kukaa na mawingu."

"Siendi kokote!" Pantoni akaruka.

"Nyumba mpya hiyo, ya bure," nikamwambia.

"Babu Reli, usinichokoze! Kule hata mtu wa Masagati, aliyezoea kukaa mwisho wa dunia, akienda anauliza, 'Bado tu?' Nitapiga soga na nani, na ngedere? Nyumba hii tofali nimefyatua kwa mikono yangu. Watoto wangu wote wamezaliwa chumba kile pale!"

"Ungeyakumbuka hayo kabla hujapanda ngazi," Sada akasema. "Na mimi mpangaji je? Nibomolewe kwa maji ambayo hayakunifika hata pajani?"

"Nilitaka bati! Niliambiwa mstari ukiwa juu, bati za msaada zinaongezeka."

"Nani alikwambia?"

Pantoni akaninyooshea kidole. Mimi nikatazama angani, kuangalia kama kuna dalili ya mvua.

"Njia ya mwongo fupi," Ngusa akacheka. "Ya kwako imeishia dirishani."

"Mwongo? Na tope lilikuwa la nani? Haya, inukeni tulifute kabla hawajafika!"

Tukainuka. Brashi ya kufulia, sabuni, ndoo za maji, tukasugua upande wa Pantoni mpaka jasho likatutoka. Mabaki ya mstari wa kweli, ule wa gotini, yakatoka mara moja kama aibu ya mlevi. Ule wa uongo, kila ukisuguliwa unang'aa.

"We Ngusa, uliweka nini humu?"

"Samadi, udongo wa kichuguu na majivu. Kwetu ndivyo tunavyokandika ghala. Si ulisema lisitoke hata mvua ikinyesha?"

"Nilisema."

"Limetoka?"

"Halijatoka!"

"Sasa unanigombeza kwa lipi? Kazi nimefanya."

Sada akacheka mpaka birika likamwinamia. Pantoni akamgeukia, sauti ameilainisha kama anaposa.

"Sada, dada yangu. Wewe Muislamu. Waambie hawa wa kanisa kwamba nyumba nzima ni ya Waislamu, wapite zao."

"Thubutu! Mafuriko yaliponikuta shambani, kijana wao alinibeba mgongoni mpaka barabarani, rozari inaning'inia shingoni mwake. Godoro wakanipa, wala hakuna aliyeniuliza naswali nimeelekea wapi. Siwaongopei ng'o. Tena kaa kimya, huyo anakuja."

Alikuwa Wilhelmina, binti mkaguzi wa shirika, fulana nyeupe, mabuti ya mvua mpaka magotini.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, mwanangu," tukajibu kwa pamoja, brashi tumeficha nyuma.

Akautazama ukuta wa Sada. Akautazama wa Pantoni. Akarudi tena kwa Sada.

"Baba, haya mafuriko kwa Mama Sada yalipiga magoti, kwako yakasimama?"

Nikaona rafiki yangu anazama, nikamrushia kamba.

"Mwanangu, maji ya Lumemo yana tabia zake. Wakati nipo reli, mafuriko ya mwaka mmoja, nilimkuta kambale amekaa kwenye benchi la stesheni, anasubiri treni ya Mlimba. Na alikuwa na tiketi! Kwa hiyo maji kuchagua chumba si ajabu."

"Sawa, mzee wangu." Akatoa chaki mfukoni, akasogelea mlango wa Pantoni. "Basi kama yalifika juu ya dirisha, hapa pana hatari. Baba, anza kufunga mizigo. Ninaweka alama ya kubomoa."

Chaki haijagusa mbao, Pantoni akapiga yowe.

"Goti! Yalifika goti tu! Nimepaka mwenyewe, mwanangu! Tope la Ngusa, ngazi yangu, maneno ya huyu babu wa kambale!"

"Ulitaka nini?"

"Bati."

Wilhelmina akamtazama kwa huruma.

"Baba, mafuriko yanaingia kwa chini. Bati la nini?"

Hilo kwa kweli hatukuwa tumelifikiria.

Binti akairudisha chaki mfukoni. Akakwaruza ule mstari kwa ukucha, haukubanduka. Akachukua brashi mkononi mwangu, akasugua, ukang'aa. Kisha akatazama ng'ambo ya njia, kwa Bibi Merina, ambako maji yamekula kuta za udongo mpaka fito zinaonekana kama mbavu.

"Shirika letu ni la kanisa, Baba Kelestini. Umeungama, hubomolewi. Yamebaki malipizi. Utawakandikia kuta wajane wote wa mtaa huu, kwa tope hilihili."

"Na mimi mjane!" Sada akadakia. "Aanzie kwangu!"

"Mtaa mzima?" Ngusa akashika kichwa. "Kwa samadi ya ng'ombe wawili?"

"Wape pumba," Sada akamjibu, "wafanye ovataimu."

Mimi nikashika kiuno, nikaanza kurudi nyuma taratibu. "Kiuno changu hiki, mwanangu, tangu enzi za reli..."

"Mzee wa kambale, wewe utachota maji."

Ndivyo kijiwe kilivyovunjika siku hiyo, kila mtu na ndoo yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Pantoni aling'oa nanga kahawa ikiwa nusu kikombe. Tope likakorogwa, akavuka njia, akainama mbele ya ukuta wa Bibi Merina, akapaka viganja viwili vitatu, kisha akageuka akijishika mgongo.

"Mwanangu, si mpaka hapa gotini tu? Maji yaliishia hapa."

Wilhelmina akanyoosha kidole juu ya dirisha la bibi.

"Mpaka pale, Baba. Pale ulipoyafikisha wewe."