Sebule Inayonuka Ndama

Jumatatu, 12 Agosti 1996
Jumamosi wakulima wanakuja kwangu kuchagua mwenyekiti wa kituo cha majani chai. Mwenyekiti ndiye hugawa mbolea. Lazima niwe mimi, si Kipkemboi! Lakini sebule inanuka. Ndama amelala humo tangu mvua za Mei, na dirisha nililipiga misumari kwa sababu ya wezi. Mke wangu Phyllis ati ning'oe misumari tu. Mwanamke huyu! Harufu ya miezi mitatu inataka mashine.

Jumanne, 13
Kericho mjini. Muuzaji akanionyesha feni ya mezani, ya darini, na moja ya ukutani. Zile mbili zinasukuma hewa, ya ukutani inavuta. Sasa harufu husukumwa ama huvutwa? Nimeuliza mara tatu. Naye akaniuliza kama kwangu kuna stima. Stima! Huku Kapkatet nyaya zinatupita juu kwa juu zikienda kiwandani. Nimerudi mikono mitupu, kichwa kinauma.

Alhamisi, 15
Fundi Ondieki ameniuzia feni ya radieta ya Peugeot, inatumia betri ya gari, kama televisheni yetu. Alisema nikigeuza nyaya itavuta badala ya kusukuma. Nikageuza. Nikageuza tena. Sasa sijui inafanya nini. Harufu imehamia chumba cha kulala, na betri ya televisheni imekwisha kabla ya taarifa ya habari. Phyllis amelala jikoni. Shauri yake.

Ijumaa, 16
Nimepata! Vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, husafishwa kwa makaa ya mti wa senetwet, na havinuki vibaya hata siku moja. Na nyumba ni nini kama si kibuyu kikubwa? Nimechoma mizigo miwili sebuleni, mlango nimefunga. Nimekohoa mpaka machozi. Ndama amejitoa mwenyewe.

Jumamosi, 17
Wameingia. Wakanusa. Wakatabasamu! Mzee Kipruto akamwuliza Phyllis kibuyu cha mursik kiko wapi, wao wako tayari. Kibuyu gani? Maziwa yote anamaliza ndama! Phyllis akaleta strungi, chai bila tone la maziwa. Wakanuna wote. Mzee Kipruto akasema mtu wa kuficha mursik, mbolea je? Wamemchagua Kipkemboi. Nilikaribia kulia mbele ya watu.

Jumapili, 18
Sikuenda kanisani. Nimewaza sana. Habari ya mursik ilikuwa adabu tu: mtu mzima hawezi kukuambia usoni kwamba nyumba yako inanuka. Moshi ulikuwa kidogo! Mwezi ujao wazee wa kanisa wanakuja hapa kuchagua mweka hazina. Nimeshaagiza mkokoteni mzima wa senetwet.