Jinsi Tulivyousogeza Uwanja wa Vita

Jirani yangu, fundi cherehani, anadai kwamba uwanja wa vita ulihama wenyewe. Anawasimulia wateja wake huku ameuma pini, kwamba uliinuka asubuhi, ukajikung'uta vumbi, ukatembea kilomita kumi na nne mpaka kando ya lami, ukakaa.

Huo ni uzushi, na mimi kama mtumishi wa Idara ya Kumbukumbu za Vita nachukua nafasi hii kuukanusha rasmi. Uwanja haukuhama. Ulihamishwa, kwa kikao halali, na akidi ilitimia. Nina hakika kwa sababu wajumbe niliwahesabu kwa vikombe: wajumbe tisa, vikombe kumi na nane, kwa kuwa hoja ilikuwa nzito.

Mimi ndiye mpika chai wa Idara. Shule yangu ni ya msingi tu, lakini nimehudhuria vikao vingi kuliko wajumbe wenyewe, maana wao hutumiana udhuru na chai haina udhuru. Cheo kilinipanda kichwani. Hata nyumbani nilianza kusema "kwa mujibu wa" na "suala hilo linafanyiwa kazi," mpaka siku moja mama akaniuliza, "Nimekutuma maji tangu saa mbili. Sasa yanafanyiwa kazi na nani?"

Mambo yalianza hivi. Idara iliamua kuwapeleka watoto wa kile kikosi kilichovuka mto wakaone mahali baba zao walipopigana, na huko huko lizinduliwe jiwe lenye majina ya waliovuka. Baba yangu alikuwa wa kikosi hicho. Alikuwa mpishi. Alirudi kutoka vitani na masikio mawili, ila la kulia lilibaki kwa ajili ya sura tu. Ukitaka kumwomba kitu unakaa kushoto kwake, ukitaka kumsema unakaa kulia. Habari za vita alizimaliza kwa neno moja: "Tulipika." Huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike.

Mama alitaka kitu kimoja, jina la mumewe liwe kwenye jiwe lile. "Kusoma sijui," alisema, "lakini nitalipapasa kwa kidole."

Nikaandika ombi, nakala tatu kama inavyotakiwa. Likarudi limeandikwa kwa wino mwekundu: mpishi si mpiganaji, mwombaji alete ushahidi. Nilimfuata Katibu na sinia lake la saa nne.

"Binti, jiwe ni la waliovuka mto," akanielewesha. "Mpishi anavuka nini?"

"Sijui, mkubwa."

"Anavuka kizingiti cha jiko. Niongezee maziwa."

Sasa, nyumbani tulikuwa na vikombe viwili vya bati alivyorudi navyo baba. Kimoja kilikuwa kibovu, kimebonyea kila upande kama mtu aliyevimba jino, ukikijaza maji kinainama na kumwaga nusu. Hicho tulikuwa tunachotea pumba za kuku. Cha pili kilikuwa kizuri, kinang'aa, kina mnyama aliyechorwa ubavuni kwa msumari. Mama alisema ni mbuzi. Kilikaa kabatini. Baba hakuwahi kukinywea hata maji, nasi tukaamini ni kwa heshima ya vita.

Kwa akili zangu za vikao, nilichukua kizuri. Nani apeleke serikalini ushahidi wenye pumba?

Mkurugenzi wa Idara alikishika, akakigeuza, akasimama wima.

"Huyu ni simba!"

"Mama anasema mbuzi, mkubwa."

"Simba! Baba yangu alikuwa kamanda wa kikosi, na simba huyu alimchora kwenye kila kitu chake. Nimekua nikimwona mlangoni kwa choo!"

Kikombe kikapandishwa cheo siku ile ile. Kikachongewa sanduku la kioo lenye kibao: KIKOMBE HIKI KILIVUKA MTO KIUNONI MWA KAMANDA. Ombi langu halikupandishwa popote. Katibu alinieleza kwamba ushahidi wangu umekutwa unamhusu mtu mwingine, lakini kwa kutambua mchango wangu nitasafiri na msafara, nipike chai. Nikashukuru. Nasikitika kuripoti kwamba nilipiga na goti.

Ndipo likazuka tatizo la mahali. Wakaguzi walirudi na taarifa kwamba uwanja wenyewe uko ng'ambo ya mto, hauna barabara, una mawe makali, na gari la Mkurugenzi lina tumbo la chini.

"Waliopigana pale hawakufikiria kabisa maegesho," mjumbe mmoja alisema kwa masikitiko, akachukua kikombe cha pili.

Ikaundwa Kamati ya Kusogeza Historia Karibu na Wananchi. Kamati ikachagua uwanja wa mpira ulio kando ya lami. Goli la kusini likateuliwa kuwa ngome ya adui. Kilichopungua ni mto, na hilo nalo likapatiwa ufumbuzi: uchimbwe mto wa muda, upana mita mbili, kina kisizidi kifundo cha mguu, mgeni rasmi aweze kuuvuka bila kulowa soksi. Mgeni rasmi alikuwa Mkurugenzi. Muhtasari ulisema mto uwe tayari ifikapo saa nne kamili.

Saa mbili asubuhi ya siku yenyewe mto ulikuwa tayari. Saa mbili na nusu mchanga ulikuwa umeunywa wote. Katibu akamfokea dereva wa boza akalete maji mengine upesi, na maji ya karibu yalikuwa ya mto wenyewe, ule wa vita. Mimi nilihitaji maji ya chai. Nikadandia.

Kwa hiyo katika msafara wa watu arobaini na wawili, waliofika vitani walikuwa wawili, mpika chai na dereva wa boza.

"Dada," dereva aliniuliza tukiruka mashimo, "yaani tunachota maji mtoni tukayamwage mtoni?"

"Kwenye mto wa muda."

"Na huu tunaoendea?"

"Huo haujaidhinishwa."

Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Wewe umekaa sana ofisini."

Mto ulikuwa mpana, na mawe yake yamesimama kama meno ya msumeno. Dereva akateremsha mpira wa boza. Kando ya maji kulikuwa na mama mmoja mtu mzima anafua mashuka.

"Nyie wa serikali?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Mimi wa chai, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Serikali imeleta chai huku?"

Nikamweleza habari ya ziara, na kwamba baba yangu alikuwa hapa, mpishi wa kikosi. Shuka likamtoka mkononi, likaanza kwenda na maji.

"Mpishi yupi? Yule mrefu, aliyekuwa anaimba vibaya?"

"Baba hakuwa anaimba."

"Aliimba! Nilikuwa msichana, nawafulia nguo. Kila asubuhi anaimba akivusha uji, mpaka walinzi wanamwambia, mpishi, adui atatupata kwa sauti yako."

"Akivusha uji?"

"Kumbe, ulifikiri walioko ng'ambo wanakula risasi?" Akaninyooshea mawe kwa kidole chenye povu. "Ndoo mgongoni, anatambaa kwa tumbo pale, pale, mpaka kule. Anakwenda, anarudi. Siku moja bomu likaangukia ubavuni kwake. Alirudi anaongea kwa kelele kama aliyesimama mlima wa pili. Basi, kuimba kukaishia hapo."

Nilikaa kwenye jiwe. Miaka yote tulikuwa tunamkalia kulia tukimsengenya kwa mapishi yake.

Mama mfuaji akanionyesha mafiga matatu ya jiko la kikosi, na mti mkavu uliojaa misumari yenye kutu.

"Wanaovuka walifunga vikombe viunoni," alisema. "Vinagongana na mawe kwenda na kurudi. Hakuna kikombe kilichovuka mto huu kikarudi na sura yake. Wasiovuka, vya kwao vinaning'inia hapa msumarini, safi. Kimoja kilikuwa na mbuzi."

"Simba," nikamsahihisha, kwa mujibu wa kibao.

"Mbuzi! Nimekisugua kwa majivu miezi mitatu, nisijue mbuzi? Mwenyewe, kamanda wao, alikisahau siku aliyoitwa mbio kwenda kuvishwa nishani. Mpishi akasema atakichukua amrudishie. Sijui kama alimrudishia."

Nikawaza kikombe chetu kingine, kile cha pumba. Nikavua viatu, nikajilaza kwenye mawe nitambae kama baba, hatua kumi tu, nipate la kumweleza mama. Nilifika ya tatu. Magoti yangu yamezoea zulia la Katibu.

"Huko kwenu," mama mfuaji alisema akikamua shuka la mwisho, "hiyo chai ina sukari?"

"Ina."

"Basi nisubirini."

Akapanda boza, akakaa kati yetu na beseni lake mapajani.

Saa nne na robo mto wa muda ulijaa tena, na Mkurugenzi akauruka. Soksi moja ililowa, watu wakapiga makofi. Akasimama mbele ya jiwe, akakiinua kikombe juu, kamera zikimfuata.

"Kikombe hiki," alisema, "kilivuka mto chini ya mvua ya risasi, kiunoni mwa baba yangu! Leo kimerudi mahali pake!"

Mama mfuaji akanyoosha mkono. "Nikishike kidogo, mheshimiwa. Tunajuana."

Mkurugenzi alisita. Lakini historia ilikuwa imesogezwa karibu na wananchi, na huyu alikuwa mwananchi, amekaa karibu kabisa. Akampa. Mama akakigeuza, akakigonga kwa kucha, akakinusa ndani.

"Hiki hakijavuka popote," alisema, na sauti ya mfuaji wa mtoni haihitaji kipaza sauti. "Kilichovuka kimebonyea. Hiki kilikaa msumarini na bwana wake alikaa jikoni, kila saa, ongezeni sukari, ongezeni sukari. Na huyu ni mbuzi. Wenzangu si mnamwona?"

Wenyeji waliokodishiwa lori waje kupiga makofi wakainuka kumwona mbuzi. Mmoja akalia kama mbuzi. Mkurugenzi akamtafuta Katibu kwa macho, Katibu akawa anaitazama ngome ya adui.

"Chai!" Mkurugenzi akaamuru. Tangu niajiriwe, ilikuwa mara ya kwanza chai kuitwa katikati ya hotuba.

Nikaihudumia. Wakati wageni wanakunywa nilizunguka jiwe, nikasoma majina yote mstari kwa mstari. La kwanza juu lilikuwa la kamanda. La baba halikuwepo. Lakini chini kulikuwa na nafasi. Niliipima kwa kiganja. Mstari mmoja unaenea.

Jumatatu nilifika kazini mapema na kikombe cha pumba. Nilikuwa nimekisugua kwa majivu mpaka mikunjo yake yote ikaonekana. Nikakiweka kwenye rafu ya jiko la ofisi, juu ya ombi langu jipya, nakala tatu.

Saa tatu mlango ulisukumwa mara kadhaa. Wenyeji wa jikoni tunajua kwamba unavutwa. Hatimaye akaingia Mkurugenzi mwenyewe, peke yake. Miaka minne sijamwona humo. Akafunga mlango, akatoa ndani ya koti kikombe chenye mnyama, kisha nyundo ndogo.

"Binti yangu," alisema. Mpaka Ijumaa nilikuwa "we wa chai."

"Naam, mkubwa."

"Wataalamu wa vitu vya kale wanakuja Jumatano kukikagua. Magazeti yameandika upuuzi, ati mbuzi." Akafuta jasho. "Wewe una mkono wa vyombo. Mimi nilijaribu nyumbani, nikajipiga kidole." Kweli, kidole gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa. "Kibonyeze kidogo. Hapa, na hapa. Kama jiwe limekigonga."

Nikakoleza moto chini ya sufuria ya chai. Ndipo macho yake yakapanda kwenye rafu, yakakaa huko.

"Na hicho cha nani?"

"Cha mpishi, mkubwa."

Akakitazama kitambo kirefu, bonyeo moja baada ya jingine, kama mwanafunzi anayechungulia daftari la jirani siku ya mtihani. Kisha akaiweka nyundo mezani, taratibu, kando ya kopo la sukari.

"Kidogo tu, binti yangu. Nakuomba."

Maji yalikuwa yanaanza kuchemka. Nilitelemsha ombi langu kutoka kwenye rafu, nikaliweka mezani karibu na nyundo, nikamuuliza lake lina nakala ngapi.