Abiria wa Guta Langu

Jumatatu, 2 Juni

Guta limekamilika. Matairi matatu, injini ya pikipiki, na kochi la sebuleni kwetu nyuma kwa ajili ya abiria. Mke wangu Tusekile hajalifurahia suala la kochi. Nimemweleza kwamba mke wa mwenye chombo cha usafiri hahitaji kochi, heshima inamtosha. Amekalia kigoda tangu asubuhi.

Igowole nzima hakuna chombo kama hiki. Sedekia jirani ana bajaji, ndiyo, lakini ya kununua. Kununua anaweza mtu yeyote. Mimi nimechomelea kwa mikono yangu, juu ya fremu niliyoichukua kwa Mama Rozalia, mjane wa marehemu Didas. Didas alianza kuunda guta lake mwenyewe, kifua kikamzidi kabla hajafunga matairi. Rozalia aliniuliza kama kweli naitaka fremu ile. Nikasema kweli. Akasema sawa, ila nimwendeshe polepole. Nadhani alitaka kusema niliendeshe. Ngeli zilimpiga chenga.

Kasoro moja ndogo: breki inashika tairi moja tu la nyuma. Kebo ya tairi la pili ilikuwa fupi. Keshokutwa ni ukaguzi Mafinga, kwa hiyo nimefunga kebo nyingine ya kuonekana tu. Nimeipaka grisi ili ionekane ina kazi.

Jumatano, 4 Juni

Ukungu kutoka nyumbani mpaka Mafinga. Guta lilikuwa zito milimani kana kwamba nimebeba mtu. Nimelaumu injini. Njiani wanawake waliokuwa wakichuma chai waliinuka wakasema shikamoo. Niliitikia marahaba kwa raha zote. Mbele kidogo nikakumbuka kwamba umri wao na wangu ni mmoja.

Mkaguzi ni Afande Esnath, mama mpole asiyecheka. Alilizunguka guta, akafika nyuma, akainama kidogo na kusema kamwene, salamu ya Kihehe. Nikaitikia kamwene. Akanitazama kama mtu aliyedakia salamu isiyo yake. Kisha akaniambia nimshushe mzee, chombo hakikaguliwi kikiwa na abiria.

Nikamwambia sina mzee. Aliangalia kochi. Nami nikaangalia kochi. Lilikuwa limebonyea katikati, na spring za nyuma zimelala. Nikasema sponji imechoka.

“Mwenzio anatetemeka kwa baridi,” akasema, “na wewe unaniletea habari za sponji.”

Aliifuata kebo yangu kwa kidole mpaka ilipoishia. Ilikuwa imeishia kwenye mguu wa kochi. Nimefeli. Honi imefaulu.

Alhamisi, 5 Juni

Sedekia alikuja kunipa pole. Alikuwa anatabasamu mpaka alipolikaribia kochi. Hapo akavua kofia, kisha akaondoka kinyumenyume. Huo ni wivu.

Tusekile ametandika blanketi juu ya kochi. Nikamuuliza la nini. Akasema baridi imezidi. Nikamuuliza baridi ya nani. Akasema yeye ni Mnyakyusa wa Mbeya, mambo ya watu wa huku hayaingilii, ila kwao mgeni haachwi uani bila kufunikwa. Halafu akaniomba ninunue kebo ya breki.

Nina mpango bora. Guta lilikuwa jekundu, sasa ni la bluu. Nimenyoa na sharubu. Kesho Afande Esnath hatatutambua.

Nimeandika hatatutambua. Nilimaanisha hatanitambua.

Ijumaa, 6 Juni

Ametutambua kutoka getini. Amesema bluu ni rangi nzuri, sharubu niziache ziote, na mzee bado ninaye. Amesema pia kwamba kebo bado imefungwa kwenye mguu wa kochi, ila sasa nayo ni ya bluu. Nimefeli. Akanikataza kabisa kurudi nalo barabarani. Nilipakie kwenye lori. Nikaitikia kwa kichwa. Alipoingia ofisini nikaondoka nalo.

Mteremko wa mwisho kabla ya Igowole unapita kwenye msitu wa mbao. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini. Nilikanyaga breki, na ile kebo moja inayofanya kazi ikakatika. Nikakanyaga tena, taratibu, kama ninayeomba. Hakuna kitu. Mbele yangu likatokea lori la magogo limesimama, taa haziwaki. Nikafumba macho nikamwita Tusekile.

Ndipo nikasikia nyuma yangu viatu vikiburuzwa. Viatu vizito, vya mtu mzima. Mtu akakohoa, kikohozi kirefu cha kifua kilichojaa maji. Guta likapunguza mwendo. Likapunguza tena. Likasimama nyuma ya lori, karibu kiasi kwamba ningeweza kugusa gogo kwa mkono. Niligusa. Lilikuwa limelowa.

Nikashuka. Kwenye tope, kila upande wa kochi, kulikuwa na mfereji wa kisigino, umekuja moja kwa moja kutoka kule juu kwenye ukungu. Niliingiza mkono chini ya blanketi. Palikuwa na joto.

Nililisukuma guta mpaka nyumbani bila kugeuka. Nilisema asante, kwa sauti ya kawaida tu. Sikujibiwa, na hilo nalishukuru pia.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada Mama Rozalia alikuja. Tusekile ndiye aliyemwita, bila kunishauri. Mimi sikusalimiwa kwanza. Alisimama mbele ya kochi akazungumza Kihehe, maneno ya nyumbani tu: mahindi yameshavunwa, binti yao amejifungua salama, mtoto amepewa jina la babu.

Kisha akanigeukia. Akasema Didas hakuwahi kutamani kuendesha. Alichotamani ni kukaa nyuma, apelekwe Mafinga na mtu mwingine, watu wamwamkie njiani kama mtu mkubwa. Nimempeleka, wamemwamkia, imetosha.

“Twende nyumbani, baba Abrahamu,” akaliambia kochi, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

Spring zikalia. Kochi likainuka polepole, kama unga wa maandazi unavyoumuka, mpaka likawa sawa. Rozalia alivuka uani kwa hatua fupi fupi, mkono wake mmoja umeinuka kidogo kando, kama anayemshika mtu kiwiko. Kuku walipisha njia pana kuliko anayoihitaji mama mmoja.

Pale njia panda alisimama akaniambia ninunue kebo, mbili, mpya. Kuanzia leo hakuna wa kunishikia.

Tusekile alilia kidogo. Mimi niliangalia guta. Lilionekana dogo.

Jumanne, 10 Juni

Nimetafakari sana. Tatizo langu halikuwa breki. Tatizo ni kwamba nilimwachia Rozalia amchukue mtu wangu kirahisi vile.

Sasa nimesikia kwamba Ilula, nyuma ya vibanda vya nyanya, kuna fremu ya marehemu Mzee Saulo. Huyu alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Wanasema maisha yake yote hakuwahi kumpita hata mwendesha baiskeli. Wanawe wanaiogopa ile fremu. Kila wakiisogeza mbele, inarudi nyuma yenyewe. Wanaiita balaa. Watu hawajui mali wanapoiona.

Tusekile amesema kebo zinauzwa duka la hapo ng’ambo ya barabara. Nimemjibu kwamba kebo hukatika, lakini Mzee Saulo hana tena kitu cha kukatika.

Hakubisha. Amefungasha nguo zake zote. Kesho tunatoka pamoja mpaka stendi, mimi nipande basi la Ilula, yeye la kwao Mbeya. Inatia moyo mke anapounga mkono mpango wako.