Sinia za Shaba Nyekundu

Jumatatu, 8 Januari 1996

Leo nimeikomboa nyumba. Sinia zote za alumini za mke wangu Mejumaa nimezipeleka Kibarani kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, nikarudi na sinia mbili za shaba nyekundu. Nzito! Za kale! Alumini hupinda ukiitazama vibaya. Ni madini ya watu wasio na historia. Nimeliandikia gazeti hivyo; mhariri mwoga, hachapishi.

Mejumaa aliona rafu tupu, akaketi sakafuni. Akauliza mikate ya kumimina ya khitma ya Alhamisi aipike kwenye kofia yangu? Akakumbusha kwamba tangu shule inifukuze ualimu, tunakula mikate yake. Na wenye khitma, jamaa wa mtaa wa Kuze, wakiipenda watamwagizia Ramadhani nzima. Nikamwambia ndiyo sababu hasa.

Jumanne, 9 Januari

Shemeji Kombe, kaka yake, muuza vyombo vya alumini nyuma ya Biashara Street, amekuja kunicheka. Amesema mbele ya baraza nzima: shemeji, hata mdomo wako ni chombo, mchana kutwa unachemka na hakijaiva kitu. Nikamjibu kwa hoja. Nilipofika hoja ya pili baraza ilikuwa tupu.

Lakini nimegundua udanganyifu! Ndani ya sinia kuna utando mweupe, kama bati. Mtu ameificha shaba! Nimesugua kwa mchanga na ukwaju mpaka vidole vikatoka damu. Sasa ni nyekundu ndani na nje. Mejumaa akasema, Baba Sidi, kwa bibi yangu utando huo haukuguswa; ukichakaa, fundi aliitwa aupake upya. Nikamjibu kwamba bibi yake aliogopa hata redio.

Jumatano, 10 Januari

Mchele umesagwa, tui limekamuliwa, hamira na iliki zimetiwa. Mejumaa alitaka kuuacha uji uumuke kwenye bakuli. Nikakataa. Uumuke ndani ya shaba yenyewe, tangu sasa hadi kesho! Hamira nayo ijue heshima.

Alhamisi, 11 Januari

Kingo za uji zimekuwa kijani. Mejumaa alitaka kumwaga. Nikasema ni rangi ya iliki. Chombo kingine cha kuokea hakuna, vya Kombe nimevikataza, khitma ni leo. Akapalia makaa chini na juu, akaoka.

Akaonja wa kwanza, kama kawaida yake. Mimi nimefunga sunna. Akasema ni kama kunyonya ufunguo. Nikamsihi aonje tena, ulimi uzoee. Akaonja, maskini, kunisikiliza.

Kabla ya adhuhuri alikuwa juu ya ndoo, akitapika kijani. Kombe aliitwa, akambeba mgongoni hadi kwenye teksi. Hakuniaga. Mimi nilibaki kuipeleka mikate Kuze. Ahadi ni ahadi!

Ijumaa, 12 Januari

Waliosoma khitma walikula, wakatawanyika, wakatapika kila mtu kwao. Wote ni wazima. Kilichokufa ni jina la Mejumaa.

Hospitalini, Daktari Wanza ameeleza kwamba shaba tupu na uchachu hutoa sumu, na kwamba figo za Mejumaa zinamtia wasiwasi. Nikamuuliza amesoma nini kuhusu historia ya shaba. Akaniomba nitoke. Mejumaa aligeukia ukutani.

Jumatano, 17 Januari

Ametoka. Anatembea kwa kushika kuta. Kombe amempeleka kwake Likoni. Jamaa wa Kuze wameagiza kwingine, na majirani nao. Nilimfuata hadi feri. Akasema, Baba Sidi, nilikuwa na mikono na sinia. Sinia ulizitoa, na mikono sasa inatetemeka. Kombe akaniambia nikivuka maji atanivunja taya. Hana hoja!

Jumamosi, 20 Januari

Ramadhani ni kesho au kesho kutwa. Jiko baridi. Nimekula ndizi.

Nimefikiri sana. Kosa ni la uchachu, si langu. Na kwa kuwa Mejumaa hawezi tena shaba, nimemtafutia chuma. Nimeokota Kibarani pipa la buluu, nene, imara, lanuka dawa kidogo, bila shaka ya kuzuia kutu. Fundi analikata liwe sinia za kina kirefu. Ameuliza ile picha ya fuvu na mifupa aikwangue au aiache. Nimemwambia aiache, itatoka chapa chini ya mkate; Kombe hana pambo kama hilo.

Wa kwanza kuonja atakuwa Mejumaa.