Vikapu Elfu Nne vya Thyolo

Wananchi wote wa Thyolo mnatangaziwa kwamba tatizo la gharama ya kuchuma chai limekwisha. Shirika la chai limegundua kwamba kikapu ni rahisi kuliko mtu.

Mgunduzi ni Bwana Mbekeani, Mkurugenzi Mkuu, mtu wa tai na mwavuli. Alijifungia siku tisa katika hoteli ya Blantyre pamoja na kamati yake ya watu kumi na mmoja, wakala samaki wa ziwani na kulinganisha. Mchumaji anataka mshahara kila mwezi, anaugua malaria, anakwenda msibani. Kikapu kinanunuliwa mara moja, na hakijawahi kufiwa. Kwa hiyo mtaji uongezwe, nguvukazi ipunguzwe, mpaka gharama iguse sakafu. Ni ofisi hiyohiyo iliyoandika, mwaka ule wa njaa, kwamba watu wa Thyolo wamepunguza matumizi ya unga kwa hiari yao. Thyolo haijasahau.

Vikapu elfu nne vikaja. Wachumaji mia mbili wakafukuzwa.

Barua ya kwanza Mbekeani alimkabidhi Mama Nasibeko, miaka ishirini na sita shambani, mgongo umeshashika umbo la kikapu.

"Bwana mkubwa, sasa vikapu atavibeba nani?"

"Mama, hilo ni suala la utekelezaji. Sisi tuko kwenye sera."

"Na majani yatajirukia yenyewe humo ndani?"

"Usilete siasa hapa."

"Haya, baba. Leo wanangu nitawasongea sera."

Vikapu vikapangwa katikati ya michai, safi, midomo juu. Mvua ikanyesha, majani yakarefuka, yakaanza kukomaa. Ripoti ya wiki ya pili ikatamka kwamba gharama ya kuchuma imeshuka hadi sifuri, pamoja na chai. Waziri akafurahi mno. Akasema Ijumaa anakuja kuona chai ikichumwa bila wachumaji.

Alhamisi Mbekeani akamfuata Nasibeko nyumbani, akamkuta anapepeta mahindi.

"Mama yangu, kesho njoo na wenzako. Siku moja tu. Soda zipo."

"Si mmeandika mimi ni gharama? Turudisheni wote mia mbili, kwa maandishi. La sivyo mwambie waziri asubiri kikapu kiiname."

Hilo Mbekeani hakuliweza, kamati ingemcheka.

Basi Ijumaa kamati nzima ikavua makoti, ikajifunga vikapu mgongoni, ikaingia shambani, mkurugenzi mbele. Wanawake walikaa kando ya barabara wakitafuna miwa.

"Wewe mwenye kitambi! Huo ni mti wa kivuli, siyo chai!"

"Mwache, dada, anatekeleza!"

Waziri akashuka garini, akatazama. Akasema hajapata kuona nguvukazi yenye digrii, tena mshahara wake unalipwa tayari. Akaamuru kamati ibaki humohumo shambani hadi msimu uishe, na ofisi zifungwe kuokoa umeme. Ila kazi haiijui. Inahitaji wataalamu washauri, walipwe kwa kiwango cha washauri.

"Wale wanaocheka," akasema, akinyoosha kidole barabarani, "wanaonekana wanaijua. Waajirini wote."

Mbekeani akainua uso kutoka kwenye michai. Mtaalamu wake alikuwa amekwisha kuvuka mtaro, anachungulia ndani ya kikapu chake, anatoa kijiti kimoja baada ya kingine.

"Majani mawili na chipukizi, baba," Nasibeko alisema kwa upole. "Hizi ulizochuma ni kuni."